Ni Mapenzi au Umezuzuka Tu? Jinsi ya Kujua Kabla Hujahamia Kwake

Wapwa zangu hawaniulizi moja kwa moja. Yule anayesoma Maseno huanza na habari za mitihani, akapitia bei ya gesi, akafika kwenye kodi ya nyumba, ndipo anitupie lile lililompigisha simu: "Shangazi, watu wawili wakigawana kodi, si ni kuokoa pesa tu?" Basi najua kuna mtu, mtu huyo ana chumba Nyawita, na begi la nguo limeshafungwa nusu.

Mwongozo huu ni wa kijana aliyevuka miaka 18, awe chuoni Maseno, Egerton au Masinde Muliro, awe msusi wa Kondele au mwendesha boda wa Bungoma, aliye na mtu na anataka kujua alichonacho ni nini kabla ya kuhamia, kabla ya mimba, kabla ya mkopo wa pamoja. Kama hujafika 18, soma tu, lakini ujue kwamba Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haitambui ridhaa ya mtoto. Mtu mzima anayekuambia umri ni namba tu anajua vizuri anachokitafuta.

Jambo moja kabla hatujaanza. Ukali wa hisia haukuambii lolote. Aliyependa kweli na aliyezuzuka wote hukosa usingizi, wote hushtuka simu ikitetema, wote husahau njaa. Ukiuuliza moyo katika hali hiyo utakujibu ndiyo leo, ndiyo kesho. Kwa hiyo hatutauuliza. Tutaangalia mwenendo: wake, na zaidi wako, maana vijana wengi huuliza "ananipenda?" wakasahau kujiuliza kama wao wenyewe wanampenda mtu yule, au wanampenda mtu waliyemchora vichwani mwao akaazimwa sura yake.

Hatua ya 1: Andika unachokijua

Chukua karatasi. Usitumie simu, simu ataisoma. Piga mstari katikati. Kushoto andika mambo uliyoyaona kwa macho yako au kuyasikia kwa masikio yako. Kulia andika unayoyadhani, pamoja na yale aliyokusimulia yeye mwenyewe kujihusu.

"Ana huruma." Umeiona wapi huruma hiyo? "Anampenda mamake." Umewahi kumsikia akizungumza naye kwa simu, au ni yeye aliyekuambia? "Hana mwingine." Hilo liende kulia, hata kama linauma.

Kisha jibu maswali haya yasiyo na mahaba yoyote. Ndugu zake wanaitwa nani? Jumanne saa nne asubuhi huwa wapi? Anadaiwa na nani? Mara ya mwisho alipokosana na rafiki kisa kilikuwa nini, na alipokisimulia, je, yeye alikuwa na kosa lolote? Hili la mwisho ndilo nilipendalo. Kuna watu ambao katika visa vyao vyote wao ndio walioonewa: bosi alikuwa mbaya, mhadhiri alikuwa na chuki, mpenzi wa zamani alikuwa na wazimu. Subiri kidogo tu, nawe utaingia kwenye orodha hiyo.

Malizia kwa kuandika kasoro zake tatu. Usiniletee zile za kujipamba nazo, "anajali kupita kiasi". Kasoro hasa. Ukishindwa, humjui bado, kwa sababu asiye na kasoro hajazaliwa, si Kisumu, si Kakamega. Upande wa kulia ukiwa mrefu kuliko wa kushoto usibabaike, wala usikimbie kumwacha. Maana yake ni kwamba mko mwanzoni, na kazi ya hatua zinazofuata ni kuujaza ule wa kushoto.

Hatua ya 2: Rudi pale mlipokutana

Mwaka 1974 wanasaikolojia Donald Dutton na Arthur Aron walichapisha jaribio walilolifanya kwenye daraja la Capilano, karibu na Vancouver huko Kanada. Ni daraja la kuning'inia, jembamba, linaloyumba juu kabisa ya bonde la mto. Wanaume waliolivuka walisimamishwa na msichana mtafiti, akawauliza maswali machache, akawaachia namba yake ya simu. Wengine waliovuka daraja jingine, la chini na imara, wakasimamishwa vivyo hivyo. Wale wa daraja la kutisha ndio waliompigia simu kwa wingi. Mwili ulikuwa bado unatetemeka kwa woga, na kichwa kikaamua kwamba ni msichana ndiye anayewatetemesha.

Sisi hatuna daraja hilo, lakini tuna debi ya Mashemeji, mpira wa Gor na Ingwe, dakika za mwisho, bao linaingia na mtu usiyemjua anakukumbatia. Tuna disko matanga, zile ngoma za usiku kwenye msiba, ambazo serikali imezipiga marufuku mara kadhaa na bado spika zinasikika ng'ambo ya mto. Tuna tamasha za drama. Tuna kesha za kanisani ambako damu huchemka kwa jina la Bwana. Mapenzi mengi ya huku kwetu yameanzia kwenye mojawapo ya hizo, na baadhi yamezaa ndoa nzuri tu. Lakini kama moyo wako ulikuwa unadunda kabla hajatokea, hujui bado ni kiasi gani cha mdundo huo ni chake na ni kiasi gani ni cha spika.

Tiba yake ni rahisi. Kutaneni mchana, mahali pasipo na muziki wala umati wa kushangilia, na mfanye hivyo zaidi ya mara moja. Nendeni Kibuye siku ya Jumapili mkatafute viatu vya mitumba juani mpaka vipatikane. Mkiwa Nakuru, ketini Nyayo Gardens simu zikiwa mfukoni. Kakamega kuna Muliro Gardens, na ndiyo, najua mnachokicheka. Chagueni kiti kilicho karibu na barabara. Muda ukisogea, angalia kama bado mna la kuzungumza. Ukimya wenyewe si neno. Wa kutiliwa shaka ni ule ukimya unaokufanya utamani giza liingie upesi.

Hatua ya 3: Ipe miezi

Mwaka 1999 Donatella Marazziti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, walipima damu ya watu waliokuwa ndio kwanza wamependa. Walikuta kwamba kiashiria kimoja cha serotonini, kemikali inayohusika na utulivu wa mawazo, kimeshuka kwa watu hao sawa na kwa wagonjwa wanaoandamwa na mawazo yasiyowatoka kichwani. Baadhi yao walipopimwa tena baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, hali ilikuwa imerudi ya kawaida. Lilikuwa kundi dogo, watu 20 tu, kwa hiyo silifanyi kuwa sheria. Ila linalingana na wanachokijua bibi zetu bila maabara: kuna kipindi ambacho huwezi kumfikiria mtu huyo kwa akili iliyotulia, na kipindi hicho hupita.

Bibi hao waliuita mzuzuko huo moto wa mabua, na aliyewahi kuchoma mabua shambani baada ya kuvuna mahindi anaelewa: miali hupita kimo cha mtu, na kabla hujawaita watoto waje waote, kumebaki majivu. Ubaya wa moto huu ni kwamba dakika ya kwanza hauna tofauti na moto wa kuni.

Kanuni basi ni hii: ndani ya mwaka wa kwanza usifanye jambo lisiloweza kurudishwa nyuma. Usihamie. Usiache kozi. Usikope kwa jina lako kwa ajili yake. Usichanjwe jina lake mkononi. Mimba ndiyo usiseme, panga uzazi mapema, na swali la nani atapanga mlizungumze waziwazi. Kama mwaka ni mrefu mno kwako, basi angalau mahindi yapandwe Machi na yavunwe mkiwa bado pamoja, na katikati mpitie likizo ndefu mkiwa mbalimbali. Mapenzi mengi ya chuoni hufia likizoni bila hata mtu wa tatu kuingia. Hakukuwa na kitu kingine cha kuyashikilia ila ujirani wa hosteli.

Wakati mko mbali, usihesabu meseji. Aliyezuzuka huandika mia kwa siku na zote zinamhusu yeye: amekumiss, hajalala, unamtesa. Angalia anakumbuka nini. Jumatatu ulimwambia Alhamisi unampeleka nyanya kliniki pale hospitali ya Jaramogi, ile wenyeji wanayoiita Russia. Alhamisi jioni ameuliza nyanya aliambiwaje? Na wewe je, mtihani wake wa udereva ulikuwa lini? Ukikuta unalijua tabasamu lake kwa kila mkunjo lakini hujui wiki hii anahangaika na nini, umepata jibu lako la sehemu hii.

Hatua ya 4: Mwone siku mbaya

Hii nitaipitia upesi kwa sababu haihitaji maelezo, inahitaji macho. Mwone akiwa na njaa. Mwone mvua ikiwa imewanyeshea na matatu ya Luanda imejaa. Mwone kondakta akimrudishia chenji pungufu, na usikilize anavyomwita. Mwone akizungumza na mama wa omena, na yule kijana anayefagia nje, na mtu mwingine yeyote asiye na faida kwake. Heshima anayokupa wewe leo ina sababu. Ile anayompa mfagiaji ndiyo utakayokuja kuishi nayo.

Kisha jigeuzie swali hilo. Akishikwa na malaria, amevimba macho, anatapika kwenye beseni, wewe unatamani nini? Unatamani awe na nafuu, au unatamani apone haraka ili mrudi kwenye raha zenu? Usimjibu mtu. Jijibu mwenyewe.

Hatua ya 5: Mwambie hapana

Kama ungekuwa na nafasi ya hatua moja tu, ningekupa hii.

Chagua jambo dogo ambalo kwa kawaida ungekubali, na ulikatae kwa upole bila kutunga uongo. "Leo sitakuja, nina kazi ya darasa." "Jumamosi nakwenda kumsaidia dadangu kuhama." Usiongeze maelezo marefu. Halafu tazama.

Anayekupenda atasikitika, pengine atanung'unika kidogo, mwishowe atasema sawa, tuonane Jumapili. Aliyezuzuka atachukulia "hapana" yako kuwa kifo. Atakuweka tiki za buluu siku mbili. Au simu yake iwe mteja usiku kucha, ili ulale ukijilaumu. Au atumie ule msemo wenye mikono mirefu kuliko yote: "Kama ungenipenda kweli, ungekuja." Wengine humtuma rafiki, "Unajua jamaa hajala tangu jana?" Mtu mzima hajala, na kosa ni lako.

Kununa mara moja kusikutishe. Sote hununa. Rudia hapana nyingine baada ya wiki chache, juu ya jambo jingine, uone kama amejifunza chochote au amezidisha. Mpenzi wa kweli huizoea hapana yako kama anavyoizoea sauti yako.

Na hapana ya kitandani ni ya daraja la kwanza. Wako wanaosema kulala pamoja ndiko kuthibitisha penzi, na husema hivyo wavulana, na siku hizi wasichana pia. Hakuthibitishi kitu. Watu hulala pamoja bila hata kujuana majina mawili. Ukikataa, na mazungumzo yote ya wiki yakageuka kuwa hilo tu, umeonyeshwa ulichokuwa unatafutiwa. Akikulazimisha, hapo tumetoka kwenye mada ya mapenzi kabisa: ni jinai. Piga 1195, simu ya bure ya wahanga wa ukatili wa kijinsia, au 116 kama ni mtoto, na ufike kituo cha afya ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hazifanyi kazi baada ya hapo. Usioge kwanza, na nguo ulizovaa uzibebe kwenye karatasi au kitambaa, si kwenye mfuko wa plastiki.

Hatua ya 6: Pitisheni mwezi bila pesa kati yenu

Hapa vijana huanza kukohoa. Mvulana atasema wasichana wa Kisumu wanapenda pesa. Msichana atasema mwanamume asiyetoa hajapenda. Na kuna ile michezo ya kula nauli: anatumiwa mia tano ya kutoka Ahero, anaila, anazima simu. Nacheka kama wengine, lakini aliyetuma nauli kwa mtu ambaye hajawahi kumwona, na aliyeila, hakuna kati yao aliyekuwa kwenye mapenzi.

Pesa si adui wa mapenzi. Watu wanaopendana hutunzana, na hapa petu mtu hawezi kusema anakujali huku anakutazama ukilala njaa. Kinachotakiwa kujulikana ni kama pesa ikiondoka kuna kitu kinabaki. Kwa hiyo kubalianeni mwezi mmoja, labda ule kabla pesa za HELB, mkopo wa wanafunzi, hazijaingia, ambao mifuko imekauka vilevile: hakuna kutumiana kwa M-Pesa, hakuna kununuliana, hakuna kukopa Fuliza ya kumpeleka mtu kula samaki. Tembeeni kwa miguu hadi Dunga mkaangalie mashua zinavyorudi. Pikeni ugali na sukuma kwa rafiki. Fueni nguo pamoja. Mwezi huo ukikaa kama adhabu, andika hivyo kwenye karatasi yako, upande wa kushoto.

Sikiliza pia hesabu zinavyotajwa mkigombana. Zawadi ni zawadi siku ile tu ilipotolewa. Akianza, "Nywele hizo nani alizisuka? Simu hiyo nani aliinunua?" basi haikuwa zawadi, ilikuwa arubuni. Wenye uzoefu wa ziwani wanalijua hili kwa sura yake mbaya zaidi, kwa jina la jaboya: mwanamke mchuuzi analazimika kulala na mvuvi ili auziwe samaki. Pale angalau hakuna anayejidanganya kuwa ni mahaba. Sponsa anayelipa kodi ya chumba chako cha Milimani huku akikuita malkia amefanya mpango uleule, ila ameupaka manukato.

Hatua ya 7: Nyumbani ni wapi?

Kwa Waluo na kwa Waluhya, watu wa ukoo mmoja hawaoani, na ukoo wa mama nao hutazamwa. Wapo vijana waliokaa pamoja miaka miwili Nairobi, wakaja kutambulishwa Siaya, mzee akauliza maswali matatu, akavua kofia, na shughuli ikaishia hapo. Aliyezuzuka haulizi jambo kama hili kwa sababu hafikirii mbali zaidi ya Ijumaa. Uliza mapema, bila kuifanya kuwa posa: "Kwenu hasa ni wapi? Nyinyi ni ukoo gani? Mama ametoka kwa nani?" Kama ulizaliwa Nakuru, Section 58 au Kaptembwa, na hata wewe mwenyewe huujui ukoo wako, mpigie nyanya simu. Atafurahi kupigiwa kwa jambo lisilo la pesa.

Sisemi umpeleke nyumbani. Huku kwetu kumpeleka mtu nyumbani ni jambo zito, na wanaokimbilia huko mwezi wa pili mara nyingi wanatafuta muhuri wa kufunika shaka zao. Anza na watu wa pembeni: dada, binamu, rafiki wa tangu shule ya msingi. Angalia kama naye anafanya hivyo. Mkiwa mmemaliza mwaka na hakuna hata mtu mmoja wa upande wake anayelijua jina lako, na kila picha mnayopiga anasema usiiweke popote, wewe umefichwa. Kwa nini umefichwa, utajua siku nyingine, lakini kufichwa umefichwa.

Kisha kuna suala la wazazi kukataa. Nakuru ni mji wa makabila yote, na ni mji ulioumia mwanzoni mwa 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi. Wapo wazazi ambao hawajasahau waliokimbia wakiwa na nini mgongoni, nao husikia jina la ukoo wa mpenzi wako wakanyamaza. Baadhi ya hofu zao ni chuki tupu na hazistahili kutiiwa. Lakini ujihadhari, kwa sababu hakuna kinachochochea moto wa vijana kama kukatazwa. Mtu ambaye mngeachana naye kwa amani baada ya miezi mitatu hugeuka shujaa wako kwa sababu tu baba amesema marufuku. Jipime hivi: keti peke yako na ufikirie kwamba baba amepiga simu leo jioni, amesema, "Mwanangu, nimekubali, mlete, na ng'ombe tutazungumza." Umesikia furaha, au umesikia tumbo likikaza? Waliojibu la pili walikuwa wanapigana na baba, na mpenzi alikuwa silaha tu.

Hatua ya 8: Nendeni mkapimwe pamoja

Kaunti za kandokando ya ziwa, Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, ndizo zenye viwango vya juu kabisa vya maambukizi ya virusi vya Ukimwi nchini Kenya. Kwa hiyo hili si la hiari. Vituo vya afya vya umma hupima bure. Lakini faida nyingine ya safari hiyo ni ile saa moja kwenye benchi. Anayesema "mimi najijua niko sawa" na kuahirisha mara tatu hajakataa kipimo, amekataa kuwa na mazungumzo magumu nawe. Na majibu yakitofautiana, siyo mwisho: mwenye virusi anayemeza dawa sawasawa hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono, na asiye navyo ana dawa za kujikinga za kumeza kila siku. Wapenzi wengi hupitia hapo wakabaki pamoja.

Hatua ya 9: Jitazame wewe umekuwaje

Tangu uwe naye, marafiki zako wameongezeka, wamebaki, au wamepungua? Kazi yako? Alama zako? Unalala? Unapiga simu nyumbani? Ukitaka kusema jambo mbele yake, unalisema au unalipima kwanza kichwani kama litamkasirisha? Mapenzi huchukua muda wako, hilo ni kweli, na miezi ya kwanza kila mtu hupotea kidogo machoni pa wenzake. Ila baada ya muda hukurudisha kwa watu wako. Kama mwaka unaisha na dunia yako imekuwa chumba kimoja na simu moja, waulize marafiki wawili unaowaamini wamekuonaje, na uwaache wamalize kusema kabla hujaanza kumtetea.

Hapa nitenganishe kitu. Anayetaka neno la siri la simu yako, anayekutaka uwashe ramani aone ulipo, anayekuchagulia nguo, anayekupiga kofi kisha analia magotini: huyo hayuko kwenye mizani hii. Wivu wa namna hiyo si mapenzi yaliyozidi, wala si ujana. Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inawahusu hata wachumba na wapenzi, si wanandoa pekee, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumzuia asikukaribie. Usimpe hatua tisa. Ondoka.

Ukishapata jibu

Ukikuta ni mapenzi, hakuna haja ya kukimbilia kuhamia kwa kuogopa yatapoa. Mkiamua kuishi pamoja, mjue mnafanya nini. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kwamba kuwachukulia watu kuwa wanandoa kwa sababu wameishi pamoja ni jambo la nadra, na anayedai kuna ndoa ndiye wa kuithibitisha. Miaka mitano ya kupika na kufua haikupi kiwanja. Kama ni ndoa, ifanyeni ndoa, ya kimila, ya kanisani, ya msikitini au ya ofisi ya msajili, na zote zisajiliwe.

Ukikuta ulizuzuka, hujafanya dhambi na hujapoteza akili. Usimwite tapeli, huenda naye alizuzuka hivyohivyo. Mwambie ana kwa ana, mchana, mahali penye watu: "Nimefikiria, sioni tukiendelea. Nakushukuru." Usiseme "tupumzike kidogo" kama unajua hutarudi, huko ni kumfunga mtu mlangoni. Kama ulihamia tayari, tangulia kutoa vitu ambavyo ni vigumu kuvipata tena: kitambulisho, vyeti vya shule, laini ya simu ya pili. Mwachie mtu wako mmoja habari kwamba leo ndiyo siku. Sufuria na godoro vinaweza kungoja. Deni mlilokopa pamoja liandikeni, nani analipa lipi na hadi lini, na kila mmoja abaki na picha ya karatasi hiyo. Na usiku huo, kabla hujalala kwa dada yako, badilisha PIN ya M-Pesa.